Mtoto Mpana na Doti Isiyokatwa

"Mtoto mpana hubebwa kwa doti nzima."

Methali hii ilianza hivi, na msinikatize, maana mimi nilikuwepo. Asubuhi mlipomsikia mwenyekiti wa mtaa akiitamka, na watu wakainuka wote kwenda kumwezekea Mzee Kigoda paa lake, mlidhani ni maneno ya wahenga wa kale. Mhenga mwenyewe ni mama yangu, Bi Somoe, na aliyasema hapa hapa Muheza, siku ya harusi yangu. Siku hiyo, wajukuu zangu, hakuna aliyeniangalia mimi bi harusi. Wote walimwangalia mtoto wa wifi yangu.

Wifi yangu ni Semeni, mke wa kaka yangu, na tulikuwa tukiishi nyumba moja. Hakuna aliyejua kuanzisha wimbo kama yeye. Harusi bila Semeni ilikuwa pilau bila viungo: unashiba, lakini husimulii. Alipojifungua Faidha, alimfunga mgongoni kwa kanga, akawa anatwanga naye, anafagia naye, anaimba naye. Mtoto alizijua nyimbo kabla hajajua kukaa.

Siku moja kliniki, nesi alimlaza Faidha, akamkunja miguu, akaona mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Wakapelekwa hospitali kubwa. Kumbe mfupa wa paja haukuwa umekaa sawasawa kwenye nyonga. Daktari aliurudisha mahali pake, akamfunga plasta kuanzia kiunoni mpaka kwenye vifundo, miguu imetanuliwa kama ya chura. Akasema mtoto atatembea kama wenzake, mradi plasta isiguswe mpaka yeye mwenyewe aitoe.

Mtoto alilia siku za mwanzo, kisha akazoea. Mama yake hakuzoea. Kila aliyekuja kumpa pole alikuja na sababu yake mkononi: huyu anasema Semeni alibeba ndoo nzito akiwa mjamzito, yule anasema alikuwa akikaa vibaya. Daktari alishamwambia si kosa la mtu, lakini daktari humwoni kila siku, na jirani anapita mlangoni asubuhi na jioni. Semeni akawaamini majirani.

Kumnyonyesha kukawa kazi, kumwogesha ni kwa kitambaa tu. Na kanga haikumtosha tena. Kila akijaribu kumfunga mgongoni, mguu mmoja unachomoka, akiushika huo unachomoka wa pili. Akaacha kujaribu. Akaacha kutoka nje, na nyimbo zikakoma. Mama yangu alikuwa akimtazama tu bila kusema neno, na Semeni akaona mama mkwe naye anamlaumu.

Harusi yangu ikafika. Sare yetu ilikuwa kanga nyekundu yenye maua meupe, kila mwanamke na doti yake. Mnajua doti hutoka dukani pande zote mbili zimeshikana. Unaikata, unaipinda, upande mmoja unavaa, wa pili unajitanda. Nyumba nzima ilikuwa mikasi na sindano. Mimi nilikuwa chumbani nasingwa liwa, ule unga wa mti wenye harufu nzuri, nimekatazwa kutoka. Masikio yangu hakuna aliyeyakataza, na chumba cha Semeni kilikuwa nyuma ya ukuta ule ule.

Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, kisha sauti ya mama.

"Hodi, mwanangu. Beseni hilo la nini?"

Beseni likakwaruza sakafu, kama linasukumwa kando.

"Mama Faidha, nakuuliza."

"Nataka niiloweshe plasta, mama. Ikilainika niitoe. Kwa leo tu."

"Kwa leo tu, halafu?"

"Sijui. Nataka kumbeba mwanangu. Mgongo wangu mtupu, mama. Naamka nautafuta uzito wake, siupati. Na huko nje wataniuliza tena nilimfanya nini."

Niliogopa. Plasta ile ikitoka, mfupa ungechomoka tena, na Faidha angeweza kuchechemea maisha yake yote.

"Hukumfanya kitu," mama alisema.

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Nilijua nikifungua mdomo nitalia. Nikasema, tukilia wote wawili, nani atamkorogea mtoto uji? Kumbe nimekuacha ulie peke yako. Nisamehe, mwanangu."

Hapo wakalia wote wawili, na aliyepaza sauti zaidi ni mama. Nami nikalia, liwa ikaniharibika usoni, na somo yangu, aliyekuwa akinisinga, akanifinya.

"Sare yako iko wapi?" mama akauliza, akipenga kamasi.

"Ile pale juu ya sanduku. Sikuikata, sikuwa na nia ya kwenda."

"Hukuikata." Mama alilirudia neno hilo kama anayelipima. "Daktari alikataza kumbeba?"

"Hapana. Alisema abebwe vizuri tu, miguu ibaki ilivyo na plasta isilowe."

"Basi ilete hiyo doti, uiname. Mguu huu huku, na huu huku. Zungusha. Pitisha chini ya plasta, rudisha mbele, zungusha tena. Kaza."

Mara nikamsikia Faidha akicheka, kile kicheko cha mtoto aliyerudi kwao.

"Sasa mimi nitavaa nini?" Semeni akauliza, na nikasikia kwamba naye anacheka.

"Yangu nimeshaikata. Upande mmoja wewe, mmoja mimi. Na maji hayo ukaoshee masufuria."

Nikachungulia dirishani: walipotokea uani, wanawake waliacha kula. Bi Chausiku, ambaye mdomo wake haukujua likizo, akauliza, "Somoe, mama mzima wa bi harusi, umevaa upande mmoja kama mtu aliyetoka kuoga?"

Watu wakacheka. Mama akamjibu taratibu, "Mtoto mpana hubebwa kwa doti nzima. Ukimbeba kwa nusu, anaanguka."

Bi Chausiku aliinamisha macho. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja na sababu. Akainuka, akavua upande aliojitanda, akamtanda mama yangu mabegani. Semeni alivuta pumzi, akaanzisha wimbo, na Faidha huko mgongoni akawa anapiga plasta yake kwa kiganja kama anapiga ngoma. Vigelegele havikwisha. Kila mwanamke akataka naye ambebe, na ile doti ikahama mgongo kwa mgongo. Bwana harusi aliingia, akasimama, na hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Nilikuwa nimepakwa hina mpaka viwiko, na kwa furaha niliyokuwa nayo, sikujali hata kidogo kwamba hakuna anayeniangalia.

Plasta ilipotolewa, Faidha alichelewa kidogo kutembea, kisha akawa hashikiki. Ndiye mama yenu, aliyewakimbiza juzi na mwiko mpaka barabarani. Toka siku ile, mwanamke akijifungua mtaani kwetu, majirani humpelekea doti isiyokatwa.

Sasa naona nyinyi mmerudi mapema kutoka kwa Mzee Kigoda, na kutoka hapa naliona paa lake. Upande mmoja umeezekwa, wa pili bado mbao tupu. Maji ya kunywa yale mtungini. Kunyweni, kisha mrudi mkamalize, maana mtoto mpana hubebwa kwa doti nzima.