Ukelele Kwenye Ghala la Siki

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja mdogo wa nchi ya Shamu, mji wa mashamba ya mizabibu, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Bibi Muzna. Kazi yake ilikuwa kutengeneza siki. Watu walimheshimu kwa ibada yake, na walimhurumia kwa msiba wake, kwani mwanawe wa pekee, Waili, aliuawa na ulevi angali kijana.

Siku zile Waili alipokuwa akiteketea, kila asubuhi mama yake alimwuliza, "Mwanangu, umeamkaje?" Naye alijibu, "Mimi mzima, mama." Alijibu hivyo mpaka asubuhi ile ambayo hakujibu kitu.

Baada ya msiba huo kupoa, alimjia mtu aliyeitwa Mundhiri bin Yasari. Mji mzima ulimjua. Alikuwa mlevi wa kuokotwa barabarani. Mkewe alikwisha rudi kwao, na ndugu zake wa tumbo moja walimpita kama hawakumwona. Sasa alikuwa ametubu, na toba yake ilikuwa bado changa. Aliomba kazi kila mahali, na kila mahali alifukuzwa.

Bibi Muzna aliitazama mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka. Akasema, "Mwanangu, hii ni nyumba ya zabibu. Maji ya zabibu hayawi siki mara moja. Kwanza hupita katika siku ambazo yanalevya, na siku hizo mimi huufunga mlango wa ghala, hapana anayeonja. Wewe utafanya kazi uani, kuosha mitungi na kupeleka sokoni siki iliyokwisha kuwa siki. Ghalani hutaingia."

"Hata huo ua sistahili kuukanyaga, mama."

"Anayestahili anajulikana na Mola. Mimi nakuonyesha tu ufagio ulipo."

Basi Mundhiri akakaa. Akaswali na watu, akala chakula cha mama huyo, na mikono yake ikaanza kutulia. Lakini njia ya kwenda sokoni ilipita mbele ya Shuraihi, muuza nyama, na Shuraihi hakuwa mtu wa kunyamaza. Kila alipomwona alipaza sauti, "Mundhiri! Leo umeonja mitungi mingapi?" Wanunuzi wakacheka. Mundhiri akainamisha kichwa na kupita.

Ukaja msimu wa joto kali. Siku moja, asubuhi, Bibi Muzna aliletewa habari kwamba dada yake yu mahututi katika kijiji cha ng'ambo ya kilima. Hakuwa na budi kwenda. Lakini mitungi ya ghalani ilikuwa katika zile siku zake mbaya, na kwa joto lile ilitaka kufunikwa vitambaa vilivyoloweshwa maji, na kuloweshwa tena na tena mpaka jua litue, la sivyo kazi yote ya mwaka ingeharibika.

Akaufungua ufunguo kiunoni, akaushika mkononi. "Mundhiri, mwanangu. Utaweza?"

Mundhiri alijua kwamba hawezi. Alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba ana homa. Lakini aliona haya. Mama huyu peke yake ndiye aliyemfungulia mlango. Vipi amwambie kwamba mlango mmoja tu unamshinda? Akasema, "Nitaweza, mama. Mimi mzima."

Bibi Muzna alisita. Kisha akampa ufunguo, akaondoka, akiahidi kurudi kesho.

Mara ya kwanza Mundhiri aliingia ghalani mbio, akalowesha vitambaa huku amebana pumzi, akatoka. Mara ya pili ilimbidi avute pumzi. Harufu ikamwingia, ikampata palepale alipokuwa zamani. Akatoka nje, akaleta istighfari, akanawa uso. Baada ya adhuhuri vitambaa vilikuwa vimekauka, na akaingia tena.

Safari hii nafsi yake haikumwambia, "Kunywa." Ilimwambia kwa upole, "Onja. Huenda imekwisha kuwa siki, nawe unajisumbua bure. Kuonja si kunywa. Ni kazi."

Mkono wake ukafungua kamba ya mtungi. Kikombe cha kupimia kilikuwa pale pale, juu ya rafu. Akakishika. Hakujua alikishika saa ngapi. Akajisemea kwa sauti, "Nimwambie mama nini kesho? Nitamwambia, mimi mzima."

Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, moyo wake ulishtuka. Habari za Waili alizijua. Bibi Muzna alikwisha msimulia. Ndiyo maneno yale yale. Akaelewa kwamba akikaa ghalani muda mdogo tu zaidi, atakunywa, na kesho atajibu hivyo, na keshokutwa, mpaka asubuhi ambayo hatajibu.

Kikombe kikamponyoka, kikavunjika. Akakimbia hadi mlango wa nje, akapiga ukelele: "Jamani! Enyi Waislamu! Nisaidieni!"

Katika msimu ule wa ukavu, ukelele ulikuwa na maana moja. Watu wakatoka vivulini na ndoo za maji, Shuraihi mbele yao, aproni yake ina damu.

"Moto uko wapi?"

Mundhiri alikuwa amekaa kizingitini. "Hakuna moto. Ni mimi. Nimezidiwa. Mkono wangu ulikwisha fika kwenye mtungi. Nawaombeni, msiniache peke yangu."

Mmoja akacheka. Mwingine akasema kwa hasira, "Umetukimbiza juani kwa ajili ya kiu yako?" Akamwaga maji yake chini, akaenda zake, na baadhi wakamfuata.

Shuraihi hakwenda. Alisimama na ndoo yake, akimtazama. "Umekunywa?"

"Wallahi, bado."

"Umebakiwa na kazi gani humo?"

"Kulowesha vitambaa mpaka jua litue."

"Basi maji tumekuja nayo," akasema Shuraihi. "Nipe ufunguo. Kaa hapo uniambie la kufanya." Alipofika mlango wa ghala akageuka. "Kila siku nilikuwa nikikuuliza umeonja mingapi. Leo nimekuuliza nikiogopa jibu. Nisamehe, ndugu yangu."

Shuraihi na wale waliobaki walikaa naye mpaka magharibi, wakaswali hapo uani.

Bibi Muzna aliporudi kesho yake, Mundhiri alimpokea kwa kusema, "Mama, nilikudanganya. Uliponiuliza kama nitaweza, sikuweza." Akamweleza yote, mpaka kikombe kilichovunjika.

Mjane yule akaketi chini, akalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Neno hili nililingoja kwa Waili kila asubuhi. Mola amenisikiza kupitia kwako."

Tangu hapo alimwuliza, "Umeamkaje?" naye Mundhiri alijibu ukweli. Siku nyingine alijibu, "Vibaya, mama." Siku kama hiyo ufunguo wa ghala ulikwenda kulala buchani kwa Shuraihi.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tumewazika watu waliotuambia kwamba wao wazima. Tuliwaamini, kwa kuwa jibu lile lilitupumzisha. Mola awarehemu. Na aliye hai akipiga ukelele, tusimwulize kwanza moto wake ni wa namna gani. Tuchukue maji, twende.