Giza la Liwali wa Pangamawe

Hapo zamani, liwali wa mji wa Pangamawe, jina lake Badi bin Shaame, alikuwa na jumba kubwa la mawe, na ndani yake walipanga makarani ishirini. Kodi yao ilikuwa kumwandikia liwali barua zake zote, na mafuta ya taa walijinunulia wenyewe. Jumba lile lilijengwa na madirisha, lakini liwali aliyaziba kwa mawe na chokaa, akisema kwamba karani atazamaye nje haandiki.

Basi ikawa ndani ni giza mchana kutwa, na makarani wakawasha taa. Taa zikaleta joto, joto likaleta jasho, na jasho likadondoka juu ya karatasi. Wakatafuta watu wa kuvuta pepeo kubwa lililoning'inia darini. Pepeo likivutwa, taa zikazimika. Wakatafuta mtu wa kuziwasha tena. Naye liwali kila apitapo nje akasikia zogo lile, hufurahi sana akasema, "Jumba langu lina kazi nyingi."

Miongoni mwao alikuwamo Kibwana Tungi, karani fukara, ambaye watu walimdhania punguani kwa kuwa alishika kila neno kama lilivyosemwa. Jirani yake alikuwa Mzee Ulenge, ambaye macho yake yalikuwa yakififia kwa moshi wa taa. Siku moja mzee huyo alichovya kalamu katika kikombe chake cha kahawa, akaandika ukurasa mzima asijue. Kibwana akamwona, roho ikamuuma, akaondoka kwenda barazani kwa liwali.

"Mungu akuweke, bwana. Twaomba utufungulie madirisha manne tu."

Liwali akauliza, "Mafuta nanunua mimi?"

"La, bwana, twanunua sisi."

"Na hilo joto, nalipata mimi?"

"La, bwana, twalipata sisi."

"Basi mimi madirisha ya nini?"

Baraza nzima ikacheka. Kibwana akainama, akasema, "Bwana, nijulishe jambo moja. Giza lile ni la nani?"

"Kila kilichomo ndani ya kuta zile ni mali yangu, hata hilo giza! Na atakayeharibu mali yangu, hata chembe, nitamtia gerezani."

"Nimesikia, bwana, nami natii."

Basi akarudi jumbani, akazima taa moja baada ya moja. Wenzake wakapiga kelele, "Wewe Kibwana, wataka kutufungisha?"

"Gerezani mtakwenda mkiwasha," akajibu. "Kila taa yateketeza mali ya liwali."

Wakakaa gizani siku mbili, wakaandika kwa kupapasa. Siku ya tatu akaja mjumbe wa Sultani, anataka jibu la barua, na msafara wake waondoka adhuhuri. Liwali akampeleka mwenyewe jumbani. Liwali akaingia kwa haraka, akagonga ugoko kwenye meza, akarudi nyuma mpaka mlangoni akigumia.

"Liko wapi jibu la Sultani?"

Kibwana akampa karatasi, naye akamkabidhi mjumbe aliyekuwa nje juani. Mjumbe akaitazama, mistari ilikuwa imepandana kama siafu. Akasema, "Liwali, nikamwambie Sultani kwamba Pangamawe mwaandika kwa miguu?"

Liwali akatahayari. "Washeni taa, iandikwe nyingine!"

"Tusamehe, bwana," akasema Kibwana. "Twaogopa gereza."

"Basi liondoeni giza hili!"

"Kwa idhini yako?"

"Kwa idhini yangu!"

"Tuliweke wapi, maana ni mali yako?"

"Litupeni nje!"

"Mlango haulitoshi, bwana. Umeujaza wewe."

Mjumbe akaangua kicheko. Liwali akafoka, "Basi lipitisheni ukutani, mabaradhuli ninyi!"

Hakuwahi kufumba kinywa. Makarani ishirini wakainuka na nyundo walizoazima asubuhi ile, wakabomoa mawe ya madirisha yote, si manne. Jua likaingia, na upepo ukaingia nyuma yake. Liwali akakodoa macho. Miaka tisa hakupata kuuona uso wa karani wake hata mmoja, ila wa Kibwana siku ile barazani. Mzee Ulenge akamsogelea Kibwana, akamtazama sana, akasema, "Kumbe ndiwe? Nami siku zote nilidhani u mnene."

Jibu likaandikwa upya kabla ya adhuhuri. Mjumbe akalisifu jumba kwa mwanga na ubaridi wake. Liwali akakohoa kidogo, akasema, "Naam. Jambo hili nililifikiri zamani."

"Kweli tupu, bwana," akasema Kibwana. "Sisi ndio tuliochelewa kukufahamu."

Liwali akamtazama, akamtazama tena, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea, akamvua Kibwana kanzu yake kuukuu na kumvika joho. Lakini jioni alipiga mbiu kwamba liwali, kwa hekima yake, amewafungulia makarani madirisha, nao wamwombee dua. Wakamwombea, na aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kibwana Tungi.