Mkoba wa Bi Mwanakombo

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana sikuwapo, katika mji wa Kwembago huko milimani, aliishi mama mmoja jina lake Bi Mwanakombo. Huyo ndiye wa kwanza katika nchi ile kuuchunguza ugonjwa wa ndui kwa macho yake badala ya kupiga ramli. Kila ndui ilipopita, aliingia nyumba hadi nyumba na kamba. Kila nyumba kamba yake, kila mtu fundo lake. Aliyeugua akapona, fundo jekundu. Aliyekufa, jeusi. Asiyeguswa, jeupe.

Sasa mnajua kuhesabu watu ni mkosi. Wakamwita mchawi, wakamfungia milango, na aliyewachochea ni Shemdoe, mganga wa mji. Mama wa watu hakuacha. Miaka thelathini alifunga mafundo, mpaka akaona kwamba aliyekwisha kuugua ndui haimrudii tena. Basi akasema wagonjwa wauguzwe na wenye makovu tu. Wakamcheka. Akafa hajasikilizwa, na mimi jambo hilo linaniuma hadi leo. Akaacha mkoba wa kamba zake, na wosia kwamba apewe atakayeijua kazi yake kuliko wote. Na mkoba, kwa desturi yao, haugawanywi. Asiye na mkoba wa kazi hasikilizwi ugenini.

Siku ya tatu ya msiba, binti yake Mashavu akafua nguo za marehemu kama ilivyo ada. Akafua na zile kamba. Maskini, alitaka mama yake aondoke msafi. Rangi zote zikachuruzika, mafundo yote yakawa sawa.

Akaja Semboja, msomi wa mji wa mbali, aliyetaka kuyajua maisha ya mama huyo na kazi yake. Mashavu alijua kamba ipi ni ya nyumba ipi. Wakazunguka pamoja miaka saba, wakiuliza fundo hili ni nani, na huyu alipona au alikufa. Semboja akazipaka rangi upya. Ikabaki nyumba moja tu, ya Shemdoe, aliyewafukuza mlangoni.

Ndui ikarudi. Mashavu aliposema wauguze wenye makovu tu, watu wakamuuliza aliyefua ushahidi atawaambia nini. Akamsihi Semboja aseme yeye. Semboja akakataa: bado nyumba moja, na Bi Mwanakombo hakusema neno mpaka alipomaliza. Akanyamaza siku tisa. Katika siku hizo wasio na makovu waliuguza wenzao, wakazikwa kumi na mmoja. Wa kumi na moja alikuwa binti wa Mashavu, mwenye jina la bibi yake, aliyemtoroka mama kwenda kumuuguza shoga yake.

Makaburini Shemdoe akasimama, uso wake umejaa makovu.

"Bi Mwanakombo alisema kweli," akasema. "Mke wangu hakuwa na kovu. Aliuguza jirani, akafa. Mimi nililala naye kitanda kimoja, sikuguswa. Nilijua tangu siku hiyo, Bi Mwanakombo mwenyewe akiwa hai. Nikaona haya."

Kwa kuwa ni yeye, wakamwamini. Wenye makovu peke yao wakaingia kwa wagonjwa, na mwezi haukuisha ndui ikakoma.

Wazee wa mji wakauweka mkoba juu ya mkeka, wakawaita watatu wale.

Semboja akasema, "Bila mimi, hizi ni kamba za kufungia mbuzi. Nilichelewa, lakini nilichelewa kwa njia yake."

Shemdoe akasema, "Najua sistahili. Lakini ndui sasa iko bonde la pili, na kule hawatamsikiliza mwingine ila mimi, nami nikiwa na mkoba. Nipeni, kisha mnitukane."

Mashavu naye akasema,

"Nilifua kamba, kweli. Na miaka saba nimegonga kila mlango aliofungiwa mama yangu. Nimemzika yeye, nimemzika na wajina wake. Mkininyima na mkoba, nimebaki na nini?"

Kutoka bonde la pili kilio kilisikika mchana kutwa, na mkoba bado uko mkekani.

Mimi nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nimempa mwingine, kisha nikajuta. Haya, nyie mlionyamaza: mngekuwa wazee wale, mkoba ungekaa begani kwa nani?