Watoto Wawili wa Subilaga

Mwanamke mmoja alikuwa na watoto wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa kumlea. Wa kumzaa alimwacha Tukuyu. Wa kumlea alikuwa Morogoro, na huyo ndiye aliyemwogesha kila asubuhi, akampa uji, akamfunga kamba za viatu.

Mwanamke huyo aliitwa Subilaga, na mwanawe aliitwa Bupe. Baba wa Bupe alikwenda Chunya kutafuta dhahabu kabla mtoto hajazaliwa, na habari zake ziliishia huko. Mazao ya viazi yalipokuwa hayatoshi tena, Subilaga alimkabidhi mtoto kwa dada yake Sekela, akapanda basi bila kugeuka nyuma, maana angegeuka asingepanda. Wakati huo Bupe alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani. Akibanwa alimvuta mama yake kidole mpaka aamke ampeleke nje, na mama alijisifia jambo hilo kwa majirani kama mtu anavyomsifia mtoto aliyefaulu mtihani.

Mtoto wa Morogoro aliitwa Gadi. Yeye na Bupe walikuwa rika moja. Mama yake alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wa maneno machache, aliyerudi jioni amechoka. Gadi naye alishajua choo, ila mara moja moja alikojoa kitandani. Siku ya kwanza ilipotokea, Subilaga alimkuta amekaa pembeni mwa godoro, ameziba mahali palipolowa kwa viganja vyake viwili. Akafungua kinywa amkemee. Mama Gadi alikuwa amesimama mlangoni.

"Usimseme, dada," alimwambia. "Hakufanya makusudi. Amelala fofofo, mwili wake haujajua kumwamsha. Mbadilishie nguo, mpe uji wake, yaishe."

Subilaga aliona hayo ni malezi ya watu wenye mashine ya kufulia. Lakini alikuwa mtumishi, akatii. Alitandika nailoni chini ya shuka. Baada ya chakula cha jioni hakumpa chai wala juisi, na kabla ya kumlaza alimpeleka chooni hata pale alipoapa kwamba hana mkojo. Kitanda kikilowa, alimtuma akachukue shuka kavu kabatini, wakatandika pamoja, yeye upande huu na mtoto upande ule, wakizungumza habari za kuku wa jirani. Jua la Morogoro lilikausha shuka kabla ya saa sita. Na baada ya muda aliona jambo ambalo hakulitarajia. Gadi aliacha kuziba godoro kwa mikono. Alikuja mwenyewe jikoni akasema, "Dada, nimelowa," kwa sauti ile ile anayosemea kwamba amemaliza chai.

Hapo ndipo moyo wa Subilaga ulipoanza kumuuma. Kila alipomtandikia mtoto yule shuka kavu, mikono yake ilimkumbuka mwingine. Kuna wakati alimsogeza Gadi karibu, akamnusa utosini, na harufu haikuwa ile. Akamwachia upesi, asije mtoto akahisi anatafutwa mtu ambaye si yeye. Katika nyumba ile hakuna aliyemuuliza kama ana mtoto, naye hakusema, kwa kuwa aliogopa akianza kusema atashindwa kufagia.

Kila Jumapili alipiga simu nyumbani. Mwanzoni Bupe alisimulia kila kitu, ndama aliyezaliwa, kuku aliyekufa, mvua iliyobomoa banda. Baadaye akawa anasikiliza tu. Halafu ikafika siku hakutaka hata kuishika simu.

"Yupo, amejificha nyuma ya mlango," alisema Sekela. "Siku hizi ana haya."

"Haya ya nini?"

Subilaga alikuwa uani, ameibana simu begani, anaanika shuka la Gadi.

"Amerudia kukojoa kitandani, mtoto mkubwa vile. Si kila siku, lakini anakojoa. Na huku unakujua mdogo wangu, mvua haikati. Blanketi nalikausha juu ya moto mpaka nyumba nzima inanuka, na wanangu watatu wanalalia blanketi hilo hilo. Nimemhamishia jikoni. Ila usiwe na wasiwasi, ataacha. Nimemwambia mama yake atakuja akiacha kukojoa. Anajitahidi kweli, mdogo wangu. Maji hanywi tena."

Shuka lilimponyoka Subilaga likaanguka mchangani. Alisimama akilitazama. Sekela aliendelea kuongea, habari za mbolea, habari za msiba wa jirani, na Subilaga aliitikia kila mahali panapoitikiwa, lakini alichosikia kilikuwa ni lile neno la maji.

Sekela hakuwa mtu mbaya. Alimpa Bupe chakula sawasawa na wanawe, na alipougua homa alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Alikuwa tu amechoka na unyevu. Mtu aliyechoka hushika fimbo iliyo karibu, na yeye iliyokuwa karibu ilikuwa hamu ya mtoto kwa mama yake.

Jioni ile Subilaga alimngoja Mama Gadi ale, akanawa mikono, akasimama mbele yake.

"Mama, naomba ruhusa niende nyumbani. Mwanangu ananisubiri, na ameambiwa vibaya."

Mama Gadi aliweka kikombe chini. "Kumbe una mtoto?"

"Ninaye. Ni wa umri wa Gadi."

Yule mwalimu alitazama mezani kama mtu aliyesomewa kosa lake mbele za watu. Mwisho akasema, "Nenda. Nenda kesho."

Ndani ya basi, kutoka Mikumi mpaka milima ya Uporoto, Subilaga alifikiria jinsi mtoto atakavyomkimbilia. Alichagua hata mahali atakapoweka mizigo chini ili mikono iwe mitupu. Alifika mchana, mvua inanyesha, njia imejaa tope jekundu. Sekela alimwona kwanza, akaita kwa furaha. Bupe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, amerefuka, midomo imemkauka. Alimtazama mama yake, akapiga hatua moja mbele. Kisha akasimama. Akarudi kinyumenyume hadi ndani, akajibanza nyuma ya mlango, akaivuta sketi yake chini kwa mikono miwili.

Subilaga alimfuata. Akainama kutazama nyuma ya ule mlango.

"Mama," mtoto alinong'ona, "bado sijaacha."

Alidhani mama amekosea siku. Alidhani akishajua ukweli atageuka, ashike mizigo yake na kulirudia basi. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mkweli, aliona ni heri amwambie mapema, kabla hajavua viatu.

Subilaga alikaa chini pale pale, na kitenge chake cha safari, juu ya majivu na maji yaliyovuja kutoka paani. Alitaka kusema mengi. Safari nzima alikuwa akiyapanga. Yakamtoka maneno machache tu.

"Najua hujaacha. Nimekufuata hivyo hivyo."

Bupe hakulia. Alikuja taratibu, akaegemeza paji la uso begani kwa mama yake, akakaa hivyo muda mrefu, mgumu kama kipande cha ubao, mpaka mgongo ukaanza kulegea. Subilaga aliomba maji. Sekela akaleta kikombe. Mtoto alikitazama, akamtazama mama mkubwa, akasubiri. Sekela akageuza uso.

"Kunywa, mwanangu," alisema Sekela. "Kunywa."

Akanywa mpaka chini, akaomba kingine.

"Sikujua ameyachukua namna hii," Sekela alimwambia mdogo wake baadaye, wakimenya ndizi. "Nilitaka akauke tu."

"Najua, dada. Hata mimi kule nilifungua kinywa nimgombeze wa watu. Nilikatazwa tu."

Subilaga alilala jikoni na mtoto, juu ya gunia la Bupe lililojazwa majani makavu ya migomba. Kulipokucha wote wawili walikuwa wamelowa, mama kuanzia kiunoni hadi magotini. Bupe aliamka, na kabla ya kugusa gunia alitazama mizigo kama bado ipo. Ilikuwepo. Mama yake alikuwa akimwangalia.

"Tumelowa," alisema mama. "Njoo tutafute kanga kavu."

Hakurudi Morogoro. Alipata kibarua cha kuchuma chai, kazi ya mgongo na baridi, na mwaka ule sahani yao ilikuwa nyepesi kuliko ya miaka iliyotangulia. Bupe hakuacha kukojoa wiki ile, wala mwezi ule. Kulikuwa na asubuhi kavu, kukawa na asubuhi za kuanika, na za kuanika zikawa zinapungua bila mtu kuzifuatilia, hadi siku moja Sekela akauliza, "Hivi huyu ameacha lini?" na hakuna aliyejua kumjibu.

Lakini moyo wa mtu hauna mlango wa kufunga upande mmoja. Ikawa sasa, akiwa shambani, mikono ndani ya majani ya chai yenye umande, Subilaga anamkumbuka Gadi. Siku moja Mama Gadi alipiga simu kumjulia hali. Akamaliza, akasema, "Kuna mtu hapa anataka kukusalimia." Ikafuata pumzi ya mtoto tu, karibu sana na simu. Subilaga hakumwambia kwamba atakuja. Alikwisha kuona neno hilo linavyoweza kumtesa mtoto. Alimwambia, "Nakukumbuka, Gadi. Hata leo asubuhi nimekukumbuka." Akasikiliza pumzi ile mpaka simu ikakatika, kisha akakaa kidogo kati ya mistari ya chai kabla ya kuinua kikapu.

Basi ninyi mlioketi mbali, mnaojificha nyuma ya mlango na kujinyima hata maji kwa sababu bado hamjaacha yale mnayoyaonea haya, nani aliyewaambia kwamba Mungu anangoja mkauke ndipo aje?