Uvimbe Aliyetaka Mpiga Mbiu

Paukwa!

—Pakawa!

Nikisema uongo?

—Tutaula!

Nikisema kweli?

—Tutauliza tena!

Basi, hapo kale alikuwapo Tembo jike, kiongozi wa kundi lake. Tembo ana matiti mawili kifuani, kama mimi na wewe. Usibishe, nenda kamtazame. Katika titi la kushoto akahamia Uvimbe, asiye na miguu wala mkia, tumbo tupu.

Kila asubuhi Uvimbe alipiga kelele: "Mishipa, njooni! Nina njaa!"

Mishipa ya damu ikachipua, ikaja. Gugu! Gugu! Gugu! Akanywa, akanenepa.

Kesho yake tena: "Mishipa, njooni! Nina njaa!"

Ikaja mingine. Gugu! Gugu! Gugu!

Tembo akakonda. Bundi, mganga wao, akalitumbulia titi macho, akaihesabu mishipa mipya hadi akachoka.

"Mama," akasema, "ingekuwa michache ningekupa habari njema. Huu ni msitu! Ikizidi kuota hivi, mvua za vuli huzioni."

Nyuma ya sikio la Tembo aliishi Kupe. Maneno yale yakamtia baridi. "Mwenye nyumba akifa, mpangaji atalala wapi?" Akateremka, tiki-tiki-tiki, mpaka kwenye titi.

"Shikamoo, mfalme!"

Uvimbe alikuwa hajawahi kuamkiwa hivyo. "Marahaba! Sema upesi, nina njaa."

"Naona haya kusema. Mfalme mzima unapiga kelele mwenyewe kama muuza samaki? Mpiga mbiu wako yuko wapi?"

"Hee! Kweli, mtu mkubwa kama mimi! Kazi hiyo ishike wewe."

"Nimeishika. Ila ukifungua kinywa mwenyewe, mishipa itasema huna watu."

"Sifungui ng'o!"

Kupe akaenda kando, akapuliza pembe: Puuu! Puuu! "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo! Mfalme ameshiba! Kila mshipa urudi kwao!"

Mishipa ikarudi, mmoja mmoja, ikanyauka.

Uvimbe alisikia pembe kwa mbali, akatabasamu. Njaa ikamuuma; akanyamaza. Kiu ikambana, akanyamaza. Mfalme haombi! Akasinyaa, akasinyaa, akawa kama kunde. Bundi akaja na mdomo wake: Nyofu!

Mvua za vuli zilipoanza, Tembo alikuwa mbele ya kundi, kichwa juu. Na Kupe? Weee! Alitangaza kwenye kila kijito walichovuka: "Mfalme nimemuua mimi! Mimi, mdogo hivi!"

Ngano yangu imeshiba, naifunga kinywa.

Funzo lake, wanangu: majivuno ni mabaya, yalimuua Uvimbe. Msijivune hata kidogo. Nanyi mkipapasa mkakuta kunde kifuani, msinyamaze kifalme, pigeni mbiu mpaka hospitali isikie. Mimi niliipiga. Nimebaki na titi moja, na najivunia hili kuliko ninyi nyote wenye mawili!