Ukoko wa Nyumba ya Bi Kazija

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, palikuwa na nyumba iliyosifika kwa chakula. Ndiyo kwetu hiyo! Nyumba ya bibi yangu, Bi Kazija. Wanawake wa kwetu walirudi kutoka shamba jembe begani, na jirani hajamaliza kupuliza moto, sisi tunanawa mikono. Wala si chakula cha kubabaisha: kunde, mchicha, choroko, mafuta tone tu.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Wali ukishapakuliwa, ukoko haugawanywi. Hupewa mtu mmoja, yule aliyekifanya chakula kikalika. Ukipewa ukoko na Bi Kazija mbele ya watu, utatembea kichwa juu wiki nzima.

Basi babu, Mzee Mbaruku, akaugua presha. Daktari akamkataza chumvi. Lo, babu alivyokasirika! Kila sahani isiyo na chumvi alionja, akaisukuma. "Mnanilisha kama mbuzi?" Akakonda hata msuli ukawa haukai kiunoni. Bibi akawa analia kwa kujificha, maana alimwona mumewe anamwishia mikononi.

Siku moja mvua ikawakuta wanawake shamba. Wakarudi wamelowa, kuni nazo zimelowa chepechepe. Na jirani Hamza, siku hiyohiyo, anakaanga samaki ng'onda wa chumvi! Harufu ikamfuata babu mpaka chumbani. Akachukua bakora.

"Naenda kuoga," akasema. "Nikitoka chakula hakipo, nakwenda kula kwa Hamza."

Bibi akashika kichwa. Chumvi ile ingemmaliza mzee.

Mwanapili, mke wa mtoto mkubwa, akasema, "Mama, choroko nililoweka tangu jana. Zitaiva upesi." Akazileta zimefura.

Mbwana, mtoto wa pili, akasema, "Kuni ninazo." Akaingia chumbani mwake, akatoka na kitanda alichokuwa akikichonga kwa ajili ya harusi yake. Akakipasua, tendegu moja baada ya jingine.

Riziki, kitinda mimba, akabandika wali, akaunga choroko kwa tui na kitunguu saumu, akakamulia ndimu. Chumvi hakugusa.

Babu alipotoka kuoga, mkeka umetandikwa. Akala. Akamaliza sahani. Akaomba nyingine! Bibi akalia tena, safari hii mbele ya watu, wala hakujifuta.

Kisha akaubandua ukoko, mzima, mwekundu, akauinua kwa mwiko.

"Wangu, Mama," akasema Mwanapili. "Choroko kavu zingemkuta Baba ameshafika kwa Hamza."

"Wangu," akasema Mbwana. "Shemeji, hata ukoo mzima ungeloweka choroko, bila moto mngezitafuna mbichi? Mimi nitaoa nilale chini!"

"Wangu!" akasema Riziki. "Siku zote choroko zipo na moto upo, na sahani anaisukuma. Leo kala, kwa mkono wangu."

Babu akacheka. "Mnadhani ndimu ilinidanganya? Tangu tonge la kwanza nilijua hamna chumvi. Lakini nilipotoka kuoga nilipita jikoni, nikaona kitanda cha mwanangu kinaungua. Ningeisukumaje sahani ile?"

Mbwana akanyoosha mkono aupokee ukoko.

"Ngoja," akasema babu. "Sahani ya kwanza nilikula kwa ajili ya kitanda. Ya pili niliomba kwa utamu. Na bakora nilikuwa nayo mkononi. Chakula kingechelewa kidogo tu, msingenikuta."

Bibi akamtazama Mwanapili, akamtazama Mbwana, akamtazama Riziki. Kifua kimemjaa, nyumba ya kwake hii! Ukoko mmoja, mwiko uko juu.

Haya, nyie mnaojifanya mmeshiba hadithi, semeni. Je, ukoko ule nani aliustahili?