Kasuku wa Neno Moja

Haya, sogeeni. Anayesinzia akalale, maana hii sirudii, na wala si ya kuchekesha sana.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na vyumba na ugomvi wa majirani kama sisi, Mzee Tembo alikuwa mfinyanzi wa mitungi. Udongo aliuchimba Kiboko mtoni, na kuni za tanuru alizikata Nyati. Nchi ile kiangazi chake kilikuwa kirefu. Mto ukikauka, mwenye mtungi mkubwa alikunywa akiba yake. Asiyekuwa nao alikwenda chemchemi ya mbali, na asiyeweza kwenda, basi tena.

Mama yake Sungura alikuwa hawezi kwenda. Miguu ilikuwa imemwishia, na mtungi wake ulikuwa na ufa toka mdomoni hadi kitakoni.

Sungura mwenyewe alikuwa tarishi wa wakubwa wale watatu. Kutwa anakimbia, tifu tifu tifu, kwa Tembo, kwa Kiboko, kwa Nyati. "Udongo umebaki?" "Kuni zimekatwa?" Akijibiwa haamini, mpaka achungulie shimoni mwenyewe. Jioni anarudi na mihogo yake miwili mikavu, anamkuta mama amekaa peke yake tangu asubuhi.

Siku moja akachoka. Akanasa kasuku wanne, akakaa kuwafundisha maneno. Wakashika moja tu: "Bado." Akawabembeleza, akawafokea, wapi. Bado, bado, bado. Akataka kuwaachia, kisha akafikiri kidogo, akacheka peke yake.

Akaenda kwa Tembo na kasuku mmoja mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona leo hukimbii?"

"Kukimbia kumekwisha, mzee. Nimekuletea wakala. Huyu atakaa kwako, mwenzake kwa Kiboko, mwingine kwa Nyati. Kila asubuhi watakutana juu ya mti, washauriane nani alete nini, na alete lini. Wewe kazi yako kuuliza tu. Wana akili kunishinda mimi."

"Ndege?"

"Muulize."

Tembo akainamisha kichwa. "Udongo wangu umekwisha?"

"Bado," akasema kasuku.

Tembo akachungulia shimo lake. Kweli, udongo ulikuwepo.

"Kiboko amefika?"

"Bado."

Akatazama njiani. Hakuna mtu.

"Na mimi, nimezeeka?"

"Bado."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga pa! pa! pa! "Huyu ana adabu kuliko wanangu. Unataka nini, Sungura?"

"Mtungi mkubwa wa kwanza utakaotoka tanuruni. Ni wa mama."

"Umeshaupata."

Kwa Kiboko na Nyati mambo yakawa hayo hayo. Sungura akarudi nyumbani na kasuku wa nne, akajitupa kando ya mama yake.

"Nimewaweza," akasema. "Ndege wale hawajui lolote, mama. Wana neno moja, na neno lenyewe linajibu kila swali."

"Na shimo atalichungulia nani?"

"Tembo ana macho."

Macho anayo, lakini mkubwa akishapata wa kumwangalilia, yake huyafumba. Nawajua mimi.

Basi kila asubuhi kasuku wakapaa mtini, kwara kwara kwara, kelele za baraza zima, kisha kila mmoja akarudi kwake. Kiboko, amekalia rundo lake la udongo, anauliza: "Tembo ameishiwa?" "Bado." "Basi nilale." Tembo, shimo lake limebaki tupu, anauliza: "Kiboko ameleta udongo?" "Bado." "Basi yuko njiani." Nyati naye: "Tanuru linataka kuni?" "Bado." Wote wakakoroma. Neno ni lile lile, na kila mmoja alisikia linalompendeza.

Na Sungura je? Huyo ndiye anayeniudhi. Kila akitoka mtoni na kibuyu chake anaona maji yamerudi nyuma, na akifika mlangoni anamuuliza kasuku: "Mtungi wetu uko tayari?" "Bado." Naye anajinyoosha. Aliyemfundisha ni yeye, na anajua ndege hana analolijua, lakini alikuwa amemzoea.

Mto ukawa madimbwi, madimbwi yakawa tope, tope likapasuka.

Kiu ndiyo iliyomwamsha Tembo. Akachungulia shimo: vumbi na buibui. Akaenda kwa Kiboko, ndi ndi ndi.

"Udongo wangu uko wapi?"

"Si niliambiwa hujaishiwa?"

Rundo lilikuwepo, gumu kama jiwe, na maji ya kulilainisha hayapo. Wakamgeukia kasuku.

"Wewe ni mwongo?"

"Bado."

"Una akili?"

"Bado."

Wakatazamana kwa aibu. Kisha wakaenda kwa Sungura. Alipowaona mikono mitupu, alijua.

"Mtungi, mzee?"

"Hakuna mtungi. Si wako, si wa yeyote," akasema Tembo. Hakumpiga. "Wewe ulikuwa unachungulia. Kwa nini uliacha?"

Ndani mama yake alikuwa anakohoa kikohozi kikavu. Sungura akanyakua kibuyu, akakimbia kwenda chemchemi ya mbali. Alikimbia kuliko siku zote za utarishi wake, akajaza, akageuza, nyayo zinatoka damu.

Alipoikaribia nyumba, kikohozi hakikusikika.

"Mama," akaita, "umelala?"

"Bado," sauti ikajibu.

Sungura akafurahi jamani, akacheka na machozi juu. Akaingia ndani, akamwinua mama yake kichwa, akamwekea kibuyu mdomoni. Maji yakateremka kidevuni, yakaloanisha mkeka. Mama hakumeza. Alikuwa amekwishapoa.

Kule mlangoni kasuku alikuwa anajichokoa manyoya.

Mdomo wa kukusemea unaweza kuuazima, wanangu, lakini jicho la kukuangalilia usiliazime.

Hadithi imeishia hapo. Na wewe uliyekaa mwisho, niliyekutuma maji tangu mchana, usiniambie mtungi umejaa. Nenda kachungulie.